Asili ya neno la Kislavi la ngamia: je, kweli chimbuko lake ni tembo?

Mdadisi wa Morogoro aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninajifunza Kirusi, na pembeni ninasoma Kipolandi kidogo kidogo, na kuna jina moja la mnyama ambalo limenitatiza kiasi cha kuamua kulileta kwenu. Warusi humwita ngamia *verblyud*, Wapolandi humwita *wielbłąd*, na Wacheki humwita *velbloud*. Ni dhahiri kwamba majina haya ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu wangu wa Kirusi, ambaye alisomea Moscow, alinieleza kwamba chimbuko lake ni neno la Kigiriki la tembo. Mpolandi mmoja ninayeandikiana naye anakataa kabisa. Yeye anashikilia kwamba neno ni la Kislavi tupu, limeundwa kwa sehemu yenye maana ya ukubwa na sehemu nyingine, *błąd*, yenye maana ya kupotea njia, kwa hiyo ngamia ni "mpotevu mkubwa", yaani mnyama mkubwa anayetangatanga jangwani.

Naomba kujua ni nani kati yao aliye karibu na ukweli. Pia ningependa kujua Waslavi wa Enzi za Kati walilitumia neno hili wapi na kwa ajili gani. Nchi zao ni za misitu, mito na theluji, na mimi nashindwa kuona wangemtaja ngamia kwa sababu gani isipokuwa walipotafsiri Injili. Ikiwa ndivyo, basi neno hili lilizaliwa kwenye meza ya mtafsiri, wala halikuwahi kuwa mali ya watu wa kawaida.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Mdadisi, mwalimu wako ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa rafiki yako naye ana sehemu yake katika habari hii, na nitaifikia.

Kigiriki kina neno *elephas*, ambalo likinyambuliwa huwa *elephantos*, nalo lilimtaja tembo na pia pembe zake. Neno hilo liliingia zamani sana katika lugha za kundi la Kijerumani, na huko likahama kutoka kwa tembo likamwendea ngamia. Wagothi walisema *ulbandus*, Waingereza wa kale walisema *olfend*, Wajerumani wa kale wa kusini walisema *olbenta*, na watu wa Skandinavia walisema *ulfaldi*. Wote hao walikuwa wakimtaja ngamia. Wagothi waliishi kaskazini mwa Bahari Nyeusi katika karne ya 3 na ya 4, na Waslavi wa mwanzo walipokea kutoka kwao na kutoka kwa jamaa zao wa kundi hilo maneno kadhaa ya maisha ya kila siku: neno la mkate, *xlěbъ*, neno la sufuria, *kotьlъ*, neno la kioo, *stьklo*, na hata jina la punda, *osьlъ*. Jina la ngamia lilikuja katika msafara huo huo.

Sasa angalia hoja ambayo mimi naiona ina uzito kuliko zote, na ambayo inagusa moja kwa moja swali lako la mwisho. Askofu Wulfila alitafsiri Biblia katika Kigothi katika karne ya 4, na maandishi aliyokuwa akiyafasiri yalikuwa ya Kigiriki, ambamo ngamia huitwa *kamēlos*. Angeweza kulichukua neno hilo lilivyo, kama watafsiri wengi wanavyofanya wanapokutana na mnyama asiye wa kwao. Hakufanya hivyo. Katika Marko 10:25, pale Yesu anaposema kwamba ni rahisi zaidi ngamia kupenya tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, Wulfila ameandika *ulbandau*. Karne tano baadaye, ndugu wawili wa Thesaloniki, Kirili na Methodio, walianza kazi ya kuwatafsiria Waslavi mwaka 863. Nao walikuwa na *kamēlos* mbele ya macho yao, nao walikuwa Wagiriki kwa malezi, na bado waliandika *velьbǫdъ*. Mtafsiri halitupi neno lililo mbele yake na kuandika jingine lisilofanana nalo hata kidogo, isipokuwa analijua tayari hilo jingine na anajua kwamba wasikilizaji wake watalielewa. Kwa hiyo neno hili lilikuwa vinywani mwa watu kabla ya kuingia kitabuni.

Kuhusu rafiki yako wa Poland, jibu limo katika umbo la neno lenyewe. Miswada ya kale zaidi ya Injili ya Kislavi, kwa mfano ule unaoitwa Codex Marianus, ulioandikwa kwa herufi za Kiglagoliti, yaani alfabeti ya kale kabisa ya Waslavi, ina *velьbǫdъ*, bila sauti ya *l* katika silabi ya pili. Hakuna *bląd* wala *blud* ndani yake. Kuna *bǫd* tu, na hiyo *ǫ* ni irabu ya puani ambayo ndiyo hasa tunayoitarajia mahali ambapo Kigothi kilikuwa na *an*. Silabi ya kwanza tu ndiyo iliyopinda: kwa kanuni za sauti tungetarajia *vъl-*, lakini Waslavi walisikia humo neno lao *velьjь*, "kubwa", na wakalitamka hivyo. Baadaye, pale watu walipokuwa wameanza kuliona neno hili kuwa na nusu inayoeleweka, nusu ya pili nayo ilivutwa kuelekea *blǫditi*, "kutangatanga", na hapo ndipo lilipozaliwa umbo la *velьblǫdъ*. Rafiki yako anaeleza kwa usahihi jinsi Wapolandi wanavyolisikia neno hili. Maelezo yake hayatufikishi kwenye asili yake.

Kutoka umbo hilo la pili, mengine yote yanafuata taratibu zake. Irabu ya puani ilibaki puani katika Kipolandi, kwa hiyo *wielbłąd*. Ikawa *u* katika Kirusi, na katika Kicheki ikawa *ou*. Warusi waliendelea kusema *velblud* kwa muda mrefu, lakini kuzitamka *l* mbili zinazokaribiana ni kazi ya ulimi, na ya kwanza ikageuka *r*. Hivyo tumefika *verblyud*.

Mfugaji wa Kaskazini alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa heshima, lakini kuna jambo ambalo haliniingii akilini, na ningependa lijibiwe. Mimi nimekulia Marsabit, katika nyumba ya wafugaji wa ngamia, na tembo tunawaona pia. Hakuna mtoto wa kwetu, hata wa miaka mitatu, anayeweza kuwachanganya wanyama hawa wawili. Mmoja ana mkonga na masikio kama ungo, mwingine ana nundu na shingo ndefu, na mmoja unamkama maziwa ilhali mwingine unamkimbia. Tunaambiwa kwamba taifa zima lilipokea jina la mmoja likampa mwingine. Je, haiwezekani kwamba *ulbandus* ni neno jingine kabisa, lililofanana na la Kigiriki kwa bahati tu?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mfugaji, pingamizi lako ni la haki, na wanaisimu nao wamelijadili jambo hili. Wewe unaweza kuwatofautisha kwa sababu umewaona wote wawili. Watu wa misitu ya kaskazini mwa Ulaya katika karne zile hawakuwa wamemwona hata mmoja. Walichokipata ni habari kutoka kwa askari na wachuuzi: kwamba huko kusini yuko mnyama mkubwa mno, wa ajabu, anayebeba watu na mizigo, na jina lake ni hili. Jina lilifika kabla ya mnyama. Hatimaye mnyama mkubwa wa kwanza kutoka mbali kuonekana kwa macho katika nyika za Bahari Nyeusi alikuwa ngamia wala si tembo, na jina lililokuwa likingoja mwenyewe likampata yeye.

Kuhusu bahati, angalia sauti zenyewe. Zikiwekwa kando *e-l-ph-a-n-t* na *u-l-b-a-n-d*, konsonanti zinafuatana moja baada ya nyingine kwa mpangilio ule ule, na mabadiliko ya *ph* kuwa *b* na ya *t* kuwa *d* si mageni katika maneno yaliyoingia lugha za kundi la Kijerumani. Ni kweli kwamba irabu ya mwanzo, *u* badala ya *e*, bado inajadiliwa, na kwa sababu hiyo wapo wanaofikiri kwamba neno lilipitia lugha nyingine ya kati. Hata hivyo, hilo ni suala la njia liliyopita.

Msomaji wa Tarihi alijibu:

Mwalimu amemaliza upande wa asili, nami naomba nijibu swali la pili la Ndugu Mdadisi, la matumizi, kwa sababu naona amelidhania vibaya jambo moja. Si kweli kwamba Waslavi wa Enzi za Kati hawakuwa na sababu ya kumtaja ngamia nje ya Biblia. Waslavi wa mashariki walipakana na nyika, na nyika ilijaa wafugaji wa Kituruki waliohamahama pamoja na mifugo yao.

Tarihi ya kale ya Kyiv, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, inamtaja ngamia kama mali ya kawaida ya vita. Mwaka 1095, baada ya wakuu wawili wa Wapolovtsi, mojawapo ya makundi hayo ya wafugaji wa Kituruki, Itlar na Kytan, kuuawa kule Pereyaslavl, watawala Svyatopolk na Vladimir Monomakh walivamia mahema ya Wapolovtsi, na mwandishi anaorodhesha walichokiteka: mifugo, farasi, ngamia na watumwa. Mwaka 1103 watawala hao hao waliingia ndani zaidi ya nyika, wakashinda vita mahali panapoitwa Suten, na orodha inarudi: ng'ombe, kondoo, farasi, *velbludy*, na mahema pamoja na vilivyomo. Zingatia jinsi mwandishi anavyoandika. Haelezi ngamia ni mnyama gani, hasemi ana nundu wala hastaajabu. Anamweka baada ya farasi katika sentensi moja, kama mtu anayeandika orodha kwa wasomaji wanaojua kila kilichomo. Kwangu mimi huu ni ushahidi unaokwenda sambamba na ule wa Mwalimu wa watafsiri: neno lilikuwa hai.

Lakini mahali ambapo neno hili linasikika kwa nguvu kuliko pengine popote ni katika tarihi ya Galicia na Volhynia, kwenye habari za mwaka 1240, Batu, mjukuu wa Genghis Khan, alipouzingira mji wa Kyiv. Mwandishi anasema kwamba ndani ya mji watu hawakuweza kusikilizana kwa sababu ya mlio wa magari yake ya kukokotwa, na mngurumo wa ngamia wake wengi, na vilio vya makundi ya farasi wake. Yeyote aliyelala karibu na boma la ngamia anajua kwamba mwandishi hakutunga. Ngamia anayepakiwa mzigo au anayelazimishwa kuinuka hutoa sauti nzito ya koo inayofika mbali, sasa wazidishe hao wawe wa jeshi zima. Adui haonekani bado, lakini jeshi lake limekwisha kuingia mjini kwa masikio, na miongoni mwa sauti tatu alizozichagua mwandishi, moja ni ya mnyama huyu.

Upande wa magharibi habari ni tofauti kabisa. Huko ngamia alikuwa kitu cha fahari, cha kuonekana mara moja katika maisha. Mtawala wa Poland, Mieszko wa Kwanza, alimpa mfalme wa Ujerumani, Otto wa Tatu, aliyekuwa bado mtoto mdogo, zawadi ya ngamia mnamo mwaka 986, na tukio hilo lilionekana kubwa kiasi cha kuandikwa na Thietmar, askofu wa Merseburg. Thietmar aliandika kwa Kilatini, kwa hiyo hapo hatulipati neno letu, lakini tunampata mnyama mwenyewe akiwa mikononi mwa Waslavi wa magharibi katika karne ile ile ambayo Wapolandi walikuwa wakiingia Ukristo.

Bint Lamu alijibu:

Nashukuru kwa mjadala huu. Nina nyongeza inayohusu ile aya ya tundu ya sindano, kwa kuwa sisi Waislamu tunayo taswira hiyo hiyo katika Qur'ani, sura ya 7, aya ya 40, kwamba waliozikadhibisha aya za Mwenyezi Mungu hawataingia Peponi mpaka ngamia apenye tundu ya sindano. Wafasiri wanaeleza kwamba usomaji unaojulikana na wengi ni *jamal*, ngamia, lakini imepokelewa kutoka kwa Ibn Abbas usomaji wa *jummal*, yaani kamba nene ya merikebu. Katika Kigiriki pia wako waliotaka kusoma *kamilos*, kamba, badala ya *kamēlos*, ngamia.

Ninachotaka kusema ni kwamba chaguo la watafsiri wa Kislavi lilifunga mlango huo kwa wasomaji wao. Aliyesikia *velьbǫdъ* kanisani hakuwa na kamba yoyote ya kuifikiria. Alimfikiria mnyama, na hata pale Yesu anapowalaumu viongozi vipofu, "wenye kuchuja mbu na kumeza ngamia", ukubwa wa mnyama ulikuwa tayari umo ndani ya silabi ya kwanza ya jina, hiyo *velь-* ambayo Mwalimu ametueleza.

Mdadisi wa Morogoro aliandika:

Nawashukuru nyote, na hasa Msomaji wa Tarihi kwa habari za Kyiv, ambazo sikuzitarajia kabisa. Nimebaki na mambo mawili. Nimeona kwamba Wabulgaria na Waserbia leo husema *kamila*, Wakroatia husema *deva*, na Waslovaki husema *ťava*. Ikiwa *velьbǫdъ* liliandikwa kwanza na watafsiri waliotokea kusini, mbona kusini ndiko lilikopotea? Na la pili: jina la tembo lenyewe, *slon*, limetoka wapi, ikiwa jina lake la Kigiriki lilipewa ngamia?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Nianze na la kwanza. Waslavi wa kusini waliishi kwa karne nyingi chini ya Wagiriki, kisha chini ya Waturuki, na misafara ya ngamia wa Waturuki ilipita katika barabara zao. *Kamila* ni la Kigiriki, na *deva* ni la Kituruki, *deve*. Waslovaki walilipata *ťava* kwa Wahungaria, wanaosema *teve*, nao Wahungaria walilipokea kutoka lugha za Kituruki. Mnyama alipokuja kwa wingi pamoja na wenyewe, alikuja na jina la wenyewe. Neno la kale lilibaki katika vitabu vya kanisa, ambako *velbud* husomwa hadi leo. Waslovenia, hata hivyo, wameendelea na *velblod*.

Liko pia mahali pengine kusini linapostahili kutazamwa, ingawa hapa naomba tuende kwa uangalifu. Mji wa Kyustendil, magharibi mwa Bulgaria, katika Enzi za Kati uliitwa Velbǫždь, na ndipo palipopiganwa vita vya tarehe 28 Julai 1330, ambavyo Waserbia wa Stefan Dečanski waliwashinda Wabulgaria wa mfalme Mihail Shishman. Mkataba wa Basili wa Pili, kaizari wa Bizanti, wa karne ya 11 tayari unautaja mji huo kwa umbo la Kigiriki. Jina hilo lina umbo lile lile la kivumishi kinachotumika katika Injili kwa vazi la Yohana Mbatizaji, vazi la singa za ngamia: *velьbǫždь*, "-a ngamia". Sauti ya *žd* mwishoni ni alama ya Kislavi cha Bulgaria; Mrusi, kwa kanuni hiyo hiyo, husema *verblyuzhiy*, kwa *zh* peke yake. Sidhani kwamba mji ulikuwa na ngamia. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ulikuwa mji wa mtu aliyeitwa Velbǫd, na kama ndivyo, basi jina la mnyama lilikuwa limekwisha kuwa jina la binadamu, jambo ambalo kwa neno la vitabuni tu lingekuwa gumu sana.

Kuhusu *slonъ*, maelezo yaliyoenea ni kwamba limetokana na neno la Kituruki *arslan*, ambalo maana yake ni simba. Likiwa sahihi, basi simba alimpa tembo jina, na tembo akampa ngamia lake, na sababu ni ile ile niliyomweleza Mfugaji: majina yalitangulia, wanyama wakafuata. Lakini hapa pia wenyeji walilisikia neno kwa masikio yao. Kislavi kina kitenzi *sloniti*, "kuegemeza", na Waslavi walikuwa na kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kigiriki, Fisiologo, kilichosimulia kwamba tembo hana viungo vya magoti, hivyo hulala akiegemea mti, na mwindaji huukata mti huo nusu ili tembo aanguke na ashindwe kuinuka. Sisi tunaomwona tembo akipiga magoti mtoni tunajua kwamba si kweli. Kwa msomaji wa Bulgaria au Novgorod wa zama hizo, jina na hadithi vilithibitishana, na wako wasomi hadi sasa wanaolitoa *slonъ* moja kwa moja kwenye *sloniti*, wakikataa habari ya simba. Mimi naegemea upande wa *arslan*, lakini silabi yake ya kwanza iliyopotea bado inadai maelezo, na sitamlaumu anayesita.

Kwa rafiki yako wa Poland, Ndugu Mdadisi, mwonyeshe tu lile umbo la miswada ya kale lisilo na *l* katika silabi ya pili, kisha mwulize *błąd* lilikuwa wapi wakati huo.